Idadi ya Wasafiri

Nyumbani walimwita Dada. Alikuwa kifungua mimba, na wadogo zake walilitumia neno hilo kwa wingi mno hata mama yao mzazi akalizoea. Kazini walimwita Nne, kwa sababu meza yake ilikuwa namba nne katika kituo cha kupokea simu za dharura, chumba kisicho na dirisha chini ya jengo la hospitali kuu. Miaka kumi na moja alikaa kwenye kiti kile kile, hedifoni kichwani, akiwauliza watu waliopagawa maswali yale yale: uko wapi, anapumua, kuna mtu mwingine hapo? Sauti yake ilikuwa ya kutuliza. Madereva wa magari ya wagonjwa walisema Nne akikwambia tulia, hata injini inatulia.

Jumatano moja asubuhi mwanamume alipiga simu akihema. Mkewe alikuwa amekwama ndani ya lifti na uchungu umeshamshika. Nne akafungua kinywa amuulize ni jengo gani, na papo hapo masikio yake yakaziba. Simu haikukatika, taa ya mezani iliendelea kuwaka, lakini yeye hakusikia kitu. Aliona midomo ya wenzake ikicheza bila sauti, kama samaki. Jirani yake wa meza namba tano alimtupia jicho, akamwona amekodoa macho, akanyoosha mkono na kuivuta simu ile kwake.

Mtoto alizaliwa salama ndani ya lifti, mikononi mwa fundi aliyekwenda kuifungua. Kituoni walicheka wiki nzima, wakisema mtoto yule aitwe Ghorofa ya Tatu. Nne hakucheka. Masikio yalikuwa yamezibuka baada ya dakika tatu hivi, lakini yeye alijua dakika tatu ni nini katika kazi ile.

Daktari alimpima kwa kila chombo alichokuwa nacho. Mwishowe akavua miwani.

"Masikio ni mazima," alisema. "Aliyechoka ni mwenye masikio."

Akamwandikia barua ya mapumziko ya siku kumi, kisha akaongeza kwa mdomo, "Usizimalizie nyumbani. Nenda mahali ambapo hakuna mtu anayekuhitaji."

Dada alishuka ngazi akiirudia sentensi hiyo moyoni. Umri wake ulikuwa arobaini na mmoja, na hakuwahi kufikiria kwamba mahali pa namna hiyo pangeweza kuwapo duniani.

Kumbe palikuwapo, na picha yake ilibandikwa kwenye kioo cha ofisi ya safari iliyotazamana na duka la dawa. Wakala alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, aliyezoea kupanga fungate za maharusi. Alimfungulia kitabu cha picha. Vibanda vya mbao katikati ya msitu, katika nchi ya joto ng'ambo ya bahari. Majani mapana kama milango. Mvua ya kila alasiri. Chemchemi ya maji moto ya kulowekea mwili. Asubuhi wageni hutembea pekupeku nyuma ya mwongozaji. Simu zote huachwa mapokezi.

"Na mpaka saa nane mchana hakuna ruhusa ya kuzungumza," wakala alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Hata mpishi anaonyesha kwa vidole. Wengine hawawezi, dada yangu. Nilimpeleka mwanasheria mmoja, siku ya pili akatoroka."

Dada aliomba fomu. Penye *Idadi ya wasafiri* aliandika moja, akaikoleza kwa kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Alichagua kibanda kidogo kuliko vyote, chenye kitanda kimoja, kiti kimoja na ndoano moja ya kutundikia nguo.

Nyumbani hakusema. Hakuwa na nia mbaya; alitaka tu jambo hilo liwe lake kwa siku chache kabla halijawa la watu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, naye aliishi humo na Mama tangu wadogo zake walipooa na kuolewa. Mama alikuwa mzima wa afya, mwenye presha kidogo na maoni mengi. Dada alimpa dawa asubuhi, alimpigia simu saa nne, akampigia tena saa saba, na jioni alimsimulia siku yake yote, maana Mama alipenda kusimuliwa. Ndugu wengine walipokuwa na shida walipiga kwa Dada. Walipokuwa na furaha walipiga pia, lakini baadaye kidogo.

Kilichomponza ni kadi ya chanjo. Mama alikuwa anatafuta wembe wa kukatia kucha ndani ya mkoba wa Dada, akaibuka na kadi ya njano.

"Hii ni ya nini? Unaumwa?"

"Siumwi, Mama. Nimechanjwa homa ya manjano. Nasafiri."

"Unasafiri kwenda wapi?"

Dada alimweleza. Alieleza msitu, chemchemi, barua ya daktari. Mama alisikiliza akiwa amesimama, kadi mkononi.

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

Mama akaketi. Uso wake ulikuwa umebadilika kwa namna ambayo Dada hakuielewa. Alidhani ni presha, akaenda kumletea maji. Aliporudi Mama alikuwa ameshampigia simu mdogo wake Dada wa kiume.

Mdogo wake huyo walimwita Mhandisi, kwa kuwa alisomea uhandisi mwaka mmoja kabla ya kufungua duka la viatu, na cheo kilimng'ang'ania. Alifika Jumapili na mkewe, akakaa kwenye kiti kikubwa, akakohoa kama mwenyekiti.

"Dada, hatukukatazi," alisema. "Lakini peke yako, msituni, ng'ambo? Watu watasema tumekutupa."

"Watu gani?"

"Watu, Dada. Watu wapo."

"Daktari ndiye aliyesema nipumzike."

"Utapumzika. Nani amekukataza? Mama atakusindikiza tu. Naye hajapumzika maisha yake yote."

Hapo ndipo Dada alipotakiwa kusema hapana. Neno lilikuwa tayari. Lakini Mama alikuwa anamtazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. Dada hakuwahi kumwona Mama akiomba.

"Sawa," alisema.

Jumatatu alirudi kwa wakala. Moja ikafutwa, ikaandikwa mbili. Kibanda kidogo kikabadilishwa, kwa sababu kitanda kilikuwa kimoja.

Wiki iliyofuata wifi yake alipiga simu wakati Dada anapanda ngazi za kazini. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua, alisema, na amesikia maji moto ya ardhini ni dawa ya magoti. Isitoshe watoto watakuwa likizo. Mhandisi angewalipia watu wake mwenyewe, Dada asijali. Dada afanye mipango tu, maana yeye ndiye anayejua kuongea na hao watu. Mbili ikawa sita. Halafu Mama Mdogo, mdogo wake mama yao, akasikia, akasusa siku mbili, akaombwa radhi, na sita ikawa saba.

"Watoto hawaruhusiwi upande wa kimya," wakala alimweleza safari hii, akipindua kurasa polepole. "Itabidi muhamie upande wa pili wa ule msitu. Kuna nyumba kubwa ya familia. Ina jiko, televisheni, bwawa la kuogelea lenye bomba la kutelezea. Watoto wanapenda sana."

"Chemchemi iko upande gani?"

"Chemchemi iko upande wa kimya. Lakini kuna basi la kuwapeleka, saa moja kwa siku."

Dada alitia sahihi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kama wa mtu anayemsainia mwingine.

Tangu siku hiyo safari ikawa kazi ya pili. Mhandisi aliunda kundi la simu, akaliita Twende Msituni, na simu ya Dada haikunyamaza. Wifi aliuliza kama kuna mbu. Mama Mdogo aliuliza kama kuna nyoka, na alipojibiwa kwamba msitu hauwezi kukosa, aliuliza ni wa ukubwa gani. Nani atabeba dawa za Mama? Dada. Nani atajaza fomu za viza za watoto? Dada ana mwandiko mzuri. Nani atalala na Mama Mdogo, anayekoroma? Kundi likanyamaza kidogo, halafu Mhandisi akaandika: *Dada hana shida.*

Mchana mmoja kazini aliingia chumba cha vifaa kuchukua karatasi, akafunga mlango, akakaa juu ya boksi kati ya rafu mbili. Chumba kilikuwa cha hatua tatu kwa mbili. Kilinuka vumbi na wino. Alikaa humo akiangalia ukuta, mpaka msimamizi wa zamu akagonga.

"Nne, uko salama?"

"Niko salama."

"Likizo yako nimeipitisha. Uende ukapumzike. Utuletee chochote."

Dada alibaki ameketi. Ilimjia kwamba katika mwezi mzima huo, dakika ishirini zile juu ya boksi ndizo pekee alizokuwa peke yake, na kwamba akienda kule msituni atakuwa na watu sita chini ya paa moja, kila mmoja akimwita. Kwa siku kumi hatapata hata chumba cha vifaa.

Zikiwa zimebaki siku tano kabla ya safari, aliwakusanya sebuleni na kusema uongo mkubwa wa kwanza tangu utoto wake.

"Kazini wamenikatalia likizo."

Kilichomuuma si kelele walizopiga, ni jinsi zilivyokuwa fupi. Mhandisi alimlaani msimamizi. Wifi alisema masikini. Mama Mdogo aliuliza kama sasa atapata chumba chake. Ndani ya robo saa walikuwa wanajadili nani atashika pasipoti. Mama peke yake hakuzungumza mpaka wengine walipotoka nje kuaga.

"Kwa hiyo utabaki?"

"Nitabaki."

"Hapa hapa? Hutoki?"

"Hapa hapa, Mama. Nitakwenda wapi?"

Mama alishusha pumzi ndefu, akaanza kukunja kitambaa cha meza. Dada alidhani atasema naye anabaki. Hakusema.

Siku ya safari aliwapeleka uwanja wa ndege, akawapangia mizigo, akampa Mama dawa katika mifuko kumi midogo yenye tarehe. Alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Akafunga mlango kwa ufunguo, akazima simu, akaiweka ndani ya sufuria na kuifunika kifuniko. Kisha akasimama katikati ya sebule, hajui aanzie wapi.

Siku ya kwanza alilala tu. Ya pili alijikuta anazunguka vyumbani akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Saa nne ilipofika mkono ukaenda wenyewe kutafuta simu, na saa saba ukaenda tena. Alikasirika. Alikuwa amewaondoa watu sita nchini na bado walikuwa wamekaa ndani ya kichwa chake, kila mmoja kwenye kiti chake. Jioni ya siku hiyo alilia, si kwa huzuni hasa, bali kama mtu anayemwaga maji yaliyokaa sana ndooni. Siku ya tatu alifumua nywele, akaziacha zilivyo. Alikula mkate mkavu dirishani, amesimama, na hakumsimulia mtu yeyote chochote. Ilikuwa siku nzuri.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, ufunguo uligeuka mlangoni.

Alikuwa Mama. Alikuwa na mkoba mmoja tu, na kitambaa cha kichwa kimelegea. Alisimama kizingitini akamtazama Dada aliyekaa sakafuni, nywele zimesimama pande zote, kanga imefungwa ovyo. Kisha akapita moja kwa moja mpaka chumbani kwa Dada, akafungua kabati. Dada alisikia viango vya nguo vikigongana.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Nguo zako zipo," Mama alisema. Alirudi sebuleni akakaa naye hapo hapo sakafuni, jambo ambalo kwa magoti yake lilichukua muda. "Nilikupigia siku mbili, hupokei. Nikapiga kazini kwako. Wakaniambia uko likizo."

Dada alianza kuzikusanya nywele zake kwa vidole.

"Wenzangu nimewaacha kwenye bomba la kutelezea. Mdogo wangu ndiye anayeongoza, usione vile. Mimi nilimwambia yule dada wa mapokezi anitafutie ndege."

"Ulidhani nimekufa?"

"Nilidhani umeondoka."

Akavua viatu, akavipanga ukutani. Halafu, bila kumtazama, akaanza kusema habari ambayo Dada hakuwahi kuisikia. Dada na wadogo zake walilelewa wakijua kwamba Baba alikwenda ng'ambo kikazi, akaugua, akafia huko. Sivyo ilivyokuwa. Baba alirudi nyumbani siku moja akasema amechoka, anakwenda kupumzika kwenye shamba la rafiki yake. Siku kumi tu. Mama mwenyewe alimpigia nguo pasi. Baada ya mwezi ilikuja barua ya mistari mitatu, ikisema kwamba huko analala vizuri. Baadaye akaoa huko huko, na alipofariki miaka tisa mbele, habari zilimfikia Mama kwa mdomo wa mpita njia.

"Mimi si Baba," Dada alisema.

"Najua. Naye hakuwa mtu wa kuondoka mpaka siku aliyoondoka." Mama aliuvuta mkoba wake, akausukuma, akauvuta tena. "Uliposema siku kumi, nikamkumbuka yeye. Nikasema nitakufuata hata kama ni kwenye tundu la nyoka. Hao wengine walidandia tu. Ilivyokuwa wewe ndiye unayebaki, nikapumua. Halafu nikafika kule nikaanza kufikiri: nikirudi, nyumba itakuwa tupu."

Jirani wa juu aliburuta kiti. Katika miaka kumi na moja ya kazi yake Dada alikuwa amejifunza la kumwambia kila aina ya mtu mwenye hofu, na maneno yote yale yalikuwepo tayari, yamepangwa foleni. Tulia. Niko hapa. Siendi popote. Aliyaona yakija, akajua kwamba akiyasema hatayarudisha tena.

"Zimebaki siku sita," Mama alisema. "Nenda wewe. Nitakaa."

"Sitaki tena kwenda msituni."

"Unataka nini basi?"

Dada alitaka kuhakikisha sauti yake haitetemeki, na ilipotoka ilitetemeka hivyo hivyo.

"Nataka ukakae kwa Mhandisi. Miezi mitatu."

Mama aligeuza kichwa polepole. Dada aliona neno lile likiingia, likishuka, likifika chini. Alitamani kulifuata na kulitoa. Alijikamata vidole.

"Unanifukuza."

"Sikufukuzi. Chumba chako ni chako. Nataka kukaa humu peke yangu, nirudi kazini nisisimulie, nilale bila kusikiliza kama umekohoa. Nisipofanya hivyo, Mama, nitaondoka kweli. Nakwambia kabla, maana yeye hakukwambia."

Machozi yalimtiririka Mama bila sauti, naye hakuyafuta. Aliyaacha kama mtu anayeacha mvua ipite. Mwishowe akanyanyua pindo la kitambaa, akajipangusa pua.

"Mke wake hajui hata kuchemsha chai."

"Atajifunza."

"Na wale watoto wanapiga kelele."

"Ndiyo."

"Miezi mitatu ni mingi. Mwezi mmoja."

"Miwili, Mama."

"Mmoja," Mama alisema, "na nitakuja Jumapili."

"Jumapili moja moja. Si zote."

Walibishana hivyo mpaka mchana, sakafuni, kama watu wawili wanaouziana mbuzi, na wakati fulani Mama alicheka kidogo katikati ya kilio, kwa sababu Dada alikuwa amekataa mara nne mfululizo na hakujua kwamba binti yake anaweza. Walikubaliana wiki sita.

Mhandisi aliporudi na watu wake, wamebabuka na jua na kufurahi, aliambiwa habari hiyo hapo hapo uwanja wa ndege. Alianza kusema watu watasemaje. Dada alimwambia awape salamu, kisha akapakia mkoba wa Mama kwenye gari la Mhandisi.

Wiki za kwanza hazikuwa nyepesi. Mama alinuna, Jumapili aliyokuja alikaa kama mgeni, mkoba mapajani, akaondoka kabla chai haijapoa. Dada alikaa dirishani akiwa na hatia nzito kama gunia, na zaidi ya mara moja alivaa viatu ili akamchukue. Alivivua. Kazini aliomba ahamishiwe zamu za kufundisha wapya nusu ya wiki, akapewa. Masikio hayakuziba tena, ingawa aliendelea kuyaogopa.

Wiki ya tano Mhandisi alipiga simu. Alikuwa anaongea kwa kunong'ona, kama aliyejificha bafuni, na nyuma yake ilisikika sauti ya Mama ikimweleza mtu jinsi ya kukunja shuka.

"Dada," alisema. "Mama amehamisha jiko. Lilikuwa kushoto, sasa liko kulia. Mke wangu halali. Nasema hivi, huoni kama ametosha? Njoo umchukue kesho."

Dada alikuwa anakatakata vitunguu. Aliweka kisu chini.

"Bado wiki moja," alisema.

"Dada, tafadhali."

"Bado wiki moja, mdogo wangu. Msalimie Mama, mwambie nitampigia Alhamisi."

Akakata simu. Vitunguu vilikuwa vya kumtosha mtu mmoja. Akaviingiza kwenye mafuta, akapunguza moto.